Fua Kwanza, Ndipo Ukate

Risasi iliyoua cherehani ya mama haikutumwa kwetu. Ilipita juu ya mtaa wetu wa Bwiza kama zilivyopita nyingi miaka ile, ikatoboa bati, ikashuka na kuipiga cherehani mgongoni, pale kwenye chuma kilichopinda. Chuma kikapasuka vipande viwili. Mama alikuwa ameinuka dakika hiyo kwenda jikoni kugeuza maharage, na mpaka leo hataki kusikia mtu akiyasema vibaya maharage mbele yake.

Baba alikuja mbio kutoka uani. Alipoona sote tu wazima, alipanda kiti, akatazama tundu la bati, akatazama cherehani, kisha akaanza kutueleza pembe iliyotumiwa na risasi. Ndivyo alivyokuwa baba. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita, na mwaka ule, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa mwanafunzi wake. Kama hujawahi kufundishwa hesabu na baba yako mzazi, shukuru. Darasani alinikosoa, nyumbani alinikosoa, na kalamu yake nyekundu alikuwa nayo mfukoni hata siku ya Idi. Neno lake kwangu lilikuwa moja: "Umekosea." Yeye mwenyewe sikuwahi kusikia amekosea lolote. Alipopotea njia, ni njia iliyohama.

Shida haikuwa cherehani tu. Wazazi wa watoto thelathini wa shule yetu walikuwa wamemletea mama vitambaa vya sare, kaki na buluu, na shule ilikuwa ifunguliwe baada ya majuma mawili. Vitambaa vyote vilishakatwa. Mama aliniambia waziwazi, akiwa ameketi mbele ya ile maiti ya chuma: asiposhona, itabidi awarudishie wenyewe vipande vya mikono na kola, na baada ya hapo nani atamletea tena kitambaa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa ukija siku unayotaka wenyewe kuja. Tulikula kwa sindano ya mama, hilo hata baba alilijua, ingawa hakulisema.

Miaka ile ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, kupata cherehani mjini ilikuwa kama kupata theluji. Lakini mtaa wa Rohero kulikuwa na duka moja la mzee mfanyabiashara, anayeuza vitambaa, masufuria, saa za ukutani na kila kitu kinachokaa rafuni. Alikuwa anafunga aende zake kwa watoto wake ng'ambo, amechoka na milio. Dirishani alibandika karatasi tatu. Ya kwanza: bidhaa zote, punguzo la asilimia ishirini. Ya pili: mfanyakazi wa serikali mwenye kadi, asilimia kumi juu ya hapo. Ya tatu: anayeleta cherehani iliyoharibika, hata iwe imekufa kabisa, akinunua mpya anaondolewa faranga elfu tatu, kwa sababu vipuri vilikuwa havipatikani na fundi wake alivitaka kwa udi na uvumba. Chini kabisa aliandika kwamba hapatani bei na mtu. Na cherehani ilikuwa imebaki moja, elfu sitini.

Mama alikuwa na elfu arobaini na mia tano. Ndizo zote, pamoja na zilizokuwa kwenye kopo la chumvi na zilizoshonwa ndani ya mto.

Ijumaa baada ya sala, baba alitoa ubao wake mdogo barazani na kuanza kazi. Majirani walikuja, maana mambo ya bei yalikuwa yanamhusu kila mtu. Jirani yetu fundi wa magari alisema ishirini na kumi ni thelathini, kwa hiyo cherehani ni elfu arobaini na mbili. Baba alimtazama kwa huruma aliyokuwa akinitazama nayo mimi.

"Ile kumi haikatwi kwenye sitini, inakatwa kwenye kilichobaki," alisema. "Toa ishirini kwa mia, inabaki arobaini na nane. Toa kumi kwa mia ya hiyo, inabaki elfu arobaini na tatu na mia mbili. Toa elfu tatu za cherehani iliyokufa. Elfu arobaini na mia mbili."

"Na wakianza na ile kumi?" aliuliza fundi.

Baba alingoja swali hilo kama mtu anavyongoja chai. Akaandika upande wa pili: hamsini na nne elfu, kisha toa ishirini kwa mia, arobaini na tatu elfu na mia mbili. Ileile. Fundi akatikisa kichwa, akaomba afanyiwe tena, akafanyiwa. Baba akapiga mstari chini kwa chaki na kusema, "Kipi kianze, kipi kifuate, hakibadilishi kitu." Akairudia sentensi hiyo mara tatu jioni ile. Mama alikuwa kando anapepeta mchele. Alichosikia yeye ni kwamba atabakiwa na faranga mia tatu, na kwamba zitatosha nauli.

Jumamosi asubuhi tulikwenda watu watatu na maiti mmoja. Mama aliifunga cherehani kwa kitenge, na baba akaibeba begani kwa zamu na mimi, ingawa zamu zake zilikuwa fupi kwa sababu alikuwa amevaa koti. Tulipofika mlangoni, mlinzi wa duka alituzuia. Siku zile hakuna aliyeingia duka la Rohero bila kupekuliwa, na furushi la chuma lililofungwa kitenge halikumpendeza.

"Iko nini ndani?" aliuliza.

"Maiti," mama alisema, kwa sababu alikuwa amechoka.

Yule mlinzi alirudi nyuma hatua tatu. Ikabidi mama afungue kitenge pale barabarani amuonyeshe tundu la risasi, amsimulie na habari ya maharage. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho, akatoa pole, kisha akaleta amri yake: chuma hakipiti. Chuma kinabaki mlangoni, naye atatoa karatasi yenye muhuri wa elfu tatu, tutaipeleka ndani. Mama alitaka fundi wa duka atoke kuiona kwanza, wakaanza kuvutana. Baba akachukua karatasi, akanishika mkono, tukaingia kushika nafasi kwenye foleni.

Laiti tungebaki nje.

Mbele yetu alikuwa muuguzi anayenunua sufuria la elfu kumi, na alikuwa amekwaruzana na mzee mwenye duka. Alitaka aanziwe na ile kumi ya wafanyakazi wa serikali, halafu ishirini ije mwisho, kwa sababu, alisema, kubwa ikija mwisho inang'ata zaidi. Mzee alikuwa mpole, na miwani yake imefungwa uzi sikioni, lakini alishikilia kwamba duka ni lake na ataanza anapotaka. Watu kama kumi na wawili nyuma wakawa wanaguna.

Nilimwona baba anavuta pumzi. Nikamvuta koti. Nilimjua.

"Samahani," alisema, "mimi ni mwalimu."

Akaomba kipande cha karatasi ya kufungia. Akaandika elfu nane, kisha elfu saba na mia mbili. Akaandika elfu tisa, kisha elfu saba na mia mbili. Alieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, na pale palipomnogea zaidi akaingiza Kifaransa. Muuguzi alichukua karatasi akaigeuzageuza kama anayetafuta ujanja umefichwa wapi. Hakuuona. Foleni yote ikasogea kusikiliza, na nakiri kwamba hata mimi, niliyekuwa nimekula sifuri zake muhula mzima, nilijisikia vizuri kidogo kuwa binti yake.

"Kwa hiyo, Mwalimu, nianze na lolote?" mzee aliuliza.

"Anza na lolote, muzee. Kipi kianze, kipi kifuate, hakibadilishi kitu."

"Sawa," mzee alisema, akamfungia muuguzi sufuria lake. "Nimesoma leo."

Ikafika zamu yetu. Baba akaweka kadi yake ya kazi mezani, na juu yake ile karatasi ya mlangoni yenye muhuri. Mzee akachukua iliyokuwa juu. Akaandika sitini elfu, akatoa elfu tatu, ikabaki hamsini na saba. Akatoa ishirini kwa mia. Akatoa kumi kwa mia. Kalamu yake ilikuwa inakwenda polepole, na mimi nilikuwa nafuata kila tarakimu nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole.

"Elfu arobaini na moja na arobaini," alisema.

Baba alitabasamu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Elfu arobaini na mia mbili," alisema.

Mzee akafanya tena. Elfu arobaini na moja na arobaini. Akaigeuza karatasi ili baba aone mwenyewe. Palipungua mia tano na arobaini mfukoni mwetu, na hapo hatujagusa nauli.

Baba alisoma karatasi. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo, pale pale linapowatoka wanafunzi wake. "Ungeanza na zile asilimia," alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu," mzee akajibu, bila ubaya wowote, "si umetufundisha sasa hivi?"

Foleni ikacheka. Yule muuguzi, ambaye alitakiwa awe ameshakwenda zake, alikuwa bado yupo amekumbatia sufuria, na yeye ndiye aliyecheka mbele ya wote. Nyuma yetu mama mmoja aliyetoka mtaa wa Kinama, amevaa kanga mbili na kubeba pochi kubwa, akanyoosha shingo kuitazama cherehani iliyokuwa kwenye rafu. "Kama hao hawana, mi niko nazo zote," alimwambia mzee.

Hapo ndipo mama alipoingia, amemalizana na mlinzi. Alitutazama nyuso akajua. Nikamweleza kwa haraka: wameanza na elfu tatu. Mimi nilikuwa nimetoa kalamu nikapiga hesabu kiganjani, kwa sababu karatasi zote zilikuwa upande wa mzee, na kiganja changu kilikuwa kinasema alichosema mzee. Nikamnyooshea baba mkono aone kwamba zile elfu tatu zikitoka mwanzo, asilimia nazo zinazila, zinabaki elfu mbili na mia moja na sitini.

Hakutazama hata. "Umekosea," alisema.

Niliwaka. Nasema kweli, nilikuwa na hasira ya kuweza kuibeba ile cherehani mpya peke yangu na kutoka nayo mbio. Watoto thelathini wasio na sare, mama aliyefungua mto wake kutoa akiba, na huyu mwanaume anailinda sentensi yake ya jana kama nyumba.

Mama hakupiga kelele. Alisogea mezani, akavuta pembe ya jora la marikani lililokuwa pale, akalisugua kwa vidole.

"Muzee, we unauza hii marikani?"

"Nauza, mama."

"Ikiingia maji inakuwa je?"

"Inanywea," mzee alisema. Alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote.

"Basi mi nikitaka kupunguza shubiri tatu, nafua kwanza, ndipo nakata. Nikikata mbele ya kufua, zile shubiri zangu ni za nguo mbichi. Zingefuliwa zingekuwa mbili na kidogo. Nimepunjwa." Akaliachia jora. "Ukiifua mara mbili, sabuni gani ianze, hiyo haina neno. Hapo Mwalimu amesema kweli. Lakini mukasi unangoja nguo ikauke."

Mzee alivua miwani. Nadhani alielewa kabla mama hajamaliza, maana alianza kutabasamu kwenye neno sabuni. Lakini mzee alikuwa na utani wake, na siku hiyo alikuwa anafunga duka la miaka mingi, hakuwa na haraka.

"Mama, umesema vizuri," alisema. "Ila aliyenifundisha mimi ni Mwalimu. Akifuta yeye, nami nafuta."

Watu wote wakamgeukia baba.

Nataka nieleweke. Miaka ile kila mtu mjini alikuwa na haki, hakuna aliyekosea. Redio zilikuwa na haki, waliozima redio walikuwa na haki, na hata risasi iliyotoboa bati letu nina hakika ilitoka kwa mtu mwenye haki kabisa. Sikuwa nimemsikia mkubwa yeyote, wa kwetu au wa kwa jirani, akisema lile neno la upande wa pili. Tena baba, mbele ya foleni, mbele ya mkewe, mbele ya mwanafunzi wake wa mwisho darasani. Nilimwona anafungua mdomo. Alianza na "kwa ujumla." Akaacha. Akaanza na "inategemea." Akaacha na hiyo. Yule mama wa Kinama alikuwa ameshafungua pochi.

Baba alimtazama mama, akatazama vidole vyake vyenye alama za sindano, vilivyokuwa bado juu ya marikani.

"Nimekosea," alisema.

Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma. Hakuna aliyecheka. Sijui watu walikuwa wanafikiria nini, lakini duka lilitulia mpaka nikasikia saa za ukutani, ambazo kila moja ilikuwa na wakati wake.

Mzee akachana karatasi. Akachukua nyingine, akaandika taratibu ili sote tuone: arobaini na nane elfu. Arobaini na tatu elfu na mia mbili. Arobaini elfu na mia mbili. Mama alitoa fedha kutoka kwenye kitambaa, mafungu kwa mafungu, nyingine bado zina chumvi. Zikabaki mia tatu. Yule mama wa Kinama alifunga pochi, akasema basi wamfungie sufuria, na aanziwe na lolote.

Baba ndiye aliyeibeba cherehani mpya kutoka Rohero hadi kituoni, na hakuomba zamu, koti na yote. Tulipofika nyumbani aliiweka chini, akaniambia, "Hebu niletee ule mkono." Nikamnyooshea. Jasho lilikuwa limeshafuta kila kitu, yamebaki madoa ya buluu. Alikitazama kiganja muda mrefu kana kwamba bado kinasomeka, kisha akanirudishia.

Mama alishona mchana wote wa majuma yale mawili, mpaka giza la amri ya kutotoka nje, na sare ya mwisho, ambayo ilikuwa yangu, ilipata vifungo asubuhi ya kufungua shule nikiwa nimeshaivaa.

Siku hiyo baba aliingia darasani, akatutazama tulivyokaa, kaki na buluu safu kwa safu, akaandika ubaoni hesabu ya cherehani. Elfu sitini, ishirini kwa mia, kumi kwa mia, elfu tatu. Hakusema ni ya nani. Akaniita mimi. Nilifanya njia zote mbili, moja kushoto, moja kulia, nikapiga mstari kati, nikaandika na tofauti: mia nane na arobaini. Chaki haikukatika hata mara moja. Nikarudi nyuma nikasimama, nangoja neno lake, na safari hii nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Alikagua kutoka juu hadi chini. Akatoa kalamu nyekundu na kuandika kwenye daftari langu: tisa kwa kumi.

Damu ikanipanda. Nikamuuliza mbele ya wote, bila kunyoosha mkono, ile moja nimekosea wapi.

"Hujakosea," alisema. "Ile moja ni ya mama yako."